Mwalimu wa Viwavi

Mwalimu yule hakupenda kuaminiwa, nasi hatukumwamini, kwa hiyo tulielewana. Kwao hasa ni wapi sikuwahi kuuliza. Tulisikia ni upande wa Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, laini, cha mtu aliyekinyonya ziwani, wakati sisi chetu tulikipata shuleni na kukiacha mlangoni tulipoingia nyumbani kwenye Kimeru. Alikuja kufundisha shule yetu ya misheni, huko juu kwenye miteremko ya Nkoaranga, enzi za Mwingereza, wakati mwanamke kusimama mbele ya darasa lilikuwa jambo la watu kuacha majembe na kuja kuchungulia. Nami tangu hapo ni mtu wa kushuku. Mama alisema nilipozaliwa nilimkazia macho mkunga kana kwamba kaniibia kitu. Basi mkiona namsema Mwalimu kwa jicho la pembeni, msinishangae, ndivyo ninavyowasema watu wote.

Alikuwa na kasha la bati, na ndani ya kasha vitabu vyembamba vya Kiingereza, vya watoto, vyenye picha za rangi. Aliachiwa na bibi mmoja Mzungu wa misheni aliyerudi kwao. Vyote vilisimulia habari za wanawake waliomaliza maisha yao wakitazama viumbe: mmoja viwavi, mmoja ndege, mwingine uyoga, na mmoja aliyechimbua mifupa iliyogeuka mawe. Majina yao yalitushinda, naye hakuhangaika nayo. Aliwaita Bibi wa Viwavi, Bibi wa Ndege, Bibi wa Mifupa, na wote kwa pamoja aliwaita "wanawake wangu", kama mzee mwenye mitala. Mchungaji hakulipenda neno hilo.

Walimu wengine walitufundisha viumbe kwa kuimba. Mdudu ana miguu sita, mdudu ana miguu sita, mpaka kengele ilie. Yeye alianza na binti.

"Palikuwa na binti," angesema, kitabu kimefunguka mkononi. "Mama yake akamtuma majani ya ng'ombe. Akachelewa. Kwa nini alichelewa?"

Tulijibu kama watoto wa mlimani: alichomwa na mwiba, alikutana na mvulana, alikuwa mvivu.

"Hapana. Alimwona kiwavi anakula jani, akataka kujua atalimaliza lini."

"Akalimaliza lini, Mwalimu?"

"Mimi nitajuaje? Nendeni mkatazame." Na kitabu akakifunga.

Hapo ndipo aliponishika, na hapo pia ndipo nilipoanza kumshuku. Ulaya kuna kutumwa majani ya ng'ombe? Siku moja alipotoka kwenda kwa mwalimu mkuu nilifungua kasha nikakitafuta kitabu chenyewe. Picha ilionyesha binti mwenye kofia pana na viatu vya kamba, amekaa dirishani na kikombe, na nje mvua. Ng'ombe hayupo. Aliporudi nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwenye picha hakuna ng'ombe."

Akalitazama kasha. "Umefungua kasha langu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na kwenye picha anakunywa nini?"

"Maziwa."

"Haya. Yametoka wapi?"

Alinichapa fimbo za mkononi kwa kufungua kasha la mtu, kisha akanihamishia dawati la mbele kwa kutazama vizuri. Yote mawili kwa dakika ile ile, na sikuona usoni mwake kama alijua kwamba hayapatani. Ndivyo alivyokuwa. Alitufundisha tusiogope kiumbe chochote, na yeye mwenyewe hakuweza kumgusa kiwavi hata kwa ncha ya kidole. Alituonyesha kwa kijiti kirefu, mkono mwingine ameshika sketi yake. Alituambia maji ya mfereji yachemshwe, tena kwa ukali, lakini nilimwona kwa macho yangu akiyanywa kwa kiganja alipodhani yuko peke yake. Chai alikunywa kavu, bila maziwa, katika nchi ya ng'ombe, na hilo lilimpunguzia heshima kwa akina mama kuliko jambo jingine lolote.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Umeona, au umeambiwa?" Ukisema popo ni ndege, umeona au umeambiwa? Ukisema fulani ana mimba, umeona au umeambiwa? Watoto tulilibeba mpaka nyumbani na kuwajibu nalo wakubwa, tukapigwa. Mama yangu alisema mtoto anayemuuliza mama yake swali la namna hiyo kesho atamuuliza baba yake ni nani.

Mama hakumpenda. Kwetu mwanamke asiye na mume, anayeokota wadudu na kuwaweka chupani, ana jina lake, na jina hilo si mwalimu. Wanawake wake wa vitabuni nao waliongeza mashaka, kwa sababu karibu wote hawakuolewa, na watu walitaka kujua kwa nini mabinti zao wasomeshwe habari za wanawake walioshindikana. Nilimfikishia Mwalimu swali hilo kama lilivyo. Alisema hawakushindikana, walikuwa na kazi. Jibu hilo nilipolipeleka nyumbani, mama aliacha kukoroga sufuria akasema, "Na mimi sina kazi?"

Baba alikuwa mtu wa namna nyingine. Hakuogopa uchawi. Alikuwa mzee wa kanisa, na kitu pekee alichokiogopa ni kupoteza kihamba chake, yaani shamba la ukoo, migomba yake na kahawa yake. Tulikuwa tumezungukwa na mashamba ya masetla wa Kizungu kama mkanda kiunoni, na kila mwaka mkanda ulionekana kubana. Kila mgeni aliyepita na karatasi mkononi, baba alimhesabu kuwa amekuja kupima.

Basi fikirini siku aliponikuta nyuma ya jiko nimeinamia chungu kilichovunjika.

"Nani huyo?"

"Kiwavi, Baba."

"Anakula nini?"

"Kahawa."

"Kahawa ya nani?"

"Yetu."

Baba akavuta kigoda akakaa. Wakati ule Bwana Shamba alikuwa ameagiza wadudu wa kahawa waokotwe na kuuawa, na baba alikuwa ametoka kufanya hivyo tangu asubuhi. "Yaani mimi namuua shambani, wewe unamlea jikoni."

"Mwalimu amesema tumtazame mpaka ageuke."

"Akishageuka?"

"Ataruka."

"Aende wapi?"

Sote wawili tulijua atarudi kwenye kahawa. Baba hakunipiga. Alimtazama yule kiwavi anavyolitafuna jani kuanzia ukingoni, akakaa pale kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha akainuka akamponda kwa kisigino. Lakini tangu siku hiyo alianza kuniuliza habari za Mwalimu, na aliuliza taratibu, kama mtu anayepapasa kitu gizani.

Kisha yakaja mambo ya masale. Masale ni mmea wa kawaida kwa anayepita, lakini kwetu ukiyapanda umesema hapa ni mwisho wangu na mwanzo wako. Mtu hang'oi masale ya mwenzake, hata awe na hasira ya namna gani. Mwalimu hakulijua hilo. Alitusimulia habari za mmoja wa wanawake wake aliyechagua kipande cha ardhi ukubwa wa mkeka na kukitazama mwaka mzima, kila kinachoota na kila kinachotambaa. Akasema nasi tufanye hivyo kwenye ukingo wa mto, kila mmoja kipande chake, na tuweke alama tusichanganye. Nadhani aliwaza mawe, au vijiti. Lakini mtoto wa Kimeru ukimwambia aweke alama ardhini, ataweka nini? Tulikata masale vihambani kwetu, tukayapanda pembe nne kwa kila mmoja, kwa unadhifu, tukafurahi.

Ukingo ule wa mto ulikuwa malisho ya watu wetu tangu zamani, na setla wa ng'ambo alisema ni wake. Mnaelewa wenyewe.

Jumapili, baada ya ibada, wazazi walimzunguka Mwalimu nje ya kanisa. Baba ndiye aliyesema.

"Mwalimu, nani amekutuma kutugawia ardhi?"

"Sijagawa kitu, mzee wangu. Niliwaambia watoto waweke alama."

"Alama ya kwetu ni masale."

"Sikujua."

"Umekaa kwetu muda wote huu," baba akasema, na hakuinua sauti, "unajua panzi ana vidole vingapi, hujui masale?"

Kesho yake akaja nyapara wa setla, amevaa koti la bwana wake, akasimama mlangoni mwa darasa na kuuliza ni Mmeru gani anadai shamba kwa kupanda mpaka, na kama mwalimu huyu ndiye aliyewafundisha. Kwa hiyo kwa watu wetu Mwalimu alikuwa wa masetla, na kwa masetla alikuwa wetu. Alipoinuka kwenda kuyang'oa masale mwenyewe, akina mama waliokuwa wanateka maji walimzuia kwa mikono, maana wangeona bora ardhi ipotee kuliko laana ya kuyang'oa. Yalikaa pale mpaka mzee mmoja wa ukoo alipokuja na maziwa akayang'oa kwa taratibu zake. Setla alisogeza waya wa uzio wake mpaka kwenye maji. Sidhani ilikuwa kwa sababu yetu, alikuwa akitafuta nafasi tu, lakini hilo nalisema leo. Siku ile watu walisema ni Mwalimu.

Wavulana waliachwa shuleni. Sisi wasichana tulitolewa, mmoja mmoja, bila tangazo. Nilikuwa darasa la nne, na mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani wa kwenda shule ya bweni ya wasichana, na nilikuwa na hakika ningeupita. Nilikuwa nautaka ule mtihani kuliko nilivyotaka kula. Nilipalilia kahawa huku nalia, na mama akasema kahawa haihitaji kumwagiliwa.

Halafu, jioni moja, baba akaniita.

"Kesho utarudi shule."

Nilificha furaha, nikihofia akiiona atabadili.

"Kusoma, soma. Lakini macho yako yawe kwa yule mwanamke. Anakwenda wapi, anaandika nini, anaongea na nani. Jioni unakuja unaniambia mimi. Mwingine asijue."

Hivyo ndivyo nilivyorudi kwenye dawati la mbele, nikiwa mpelelezi. Sikuona aibu. Mwalimu mwenyewe alikuwa amenifundisha kutazama kipande kidogo bila kuchoka, na sasa kipande changu kilikuwa yeye. Nilimtazama kutoka nyuma ya mgomba, kutoka juu ya mparachichi, kutoka chooni.

Na palikuwa na cha kutazama, nasema kweli. Mwanamke ambaye mwanzoni alikuwa wa shule na nyumbani, nyumbani na kanisani, alianza kuwa na safari. Jumamosi alipanda kilimani, akakaa akielekea mashamba ya masetla na karatasi magotini. Alichoma makaratasi nyuma ya nyumba, akasimama mpaka yaishe. Alihesabu hatua kutoka kanisani mpaka kwenye mfereji, midomo ikicheza, na mtoto alipomuuliza alisema, "Msiseme nyumbani." Hakuna neno linalofika nyumbani upesi kama hilo. Kila jioni nilimweleza baba nilichokiona, bila kuongeza wala kupunguza, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Baba alisikiliza akitikisa kichwa. Mavuno ya kahawa yalipofika na mama akanitaka shambani, baba akasema, "Mwache aende. Kule mambo hayajaisha."

Wasichana wengine nao walianza kurudi. Ruthi, niliyekaa naye dawati moja, alirudi wiki moja baada yangu.

"Baba yako amekuruhusu?" nikamuuliza.

"Mjomba ndiye aliyesema nirudi," akasema, akitazama pembeni.

Nilimshuku, lakini sikujua namshuku kwa lipi. Walirudi hata ambao hawakuwahi kuja, akiwamo mrefu mmoja kutoka juu karibu na msitu, aliyekaa dirishani na kuandika kwa mkono wa kushoto. Kipindi cha baridi kilipofika mstari wetu ulijaa. Mwalimu akaendelea na wanawake wake kama kawaida, Bibi wa Uyoga, Bibi wa Ndege, na wakati mwingine alipomaliza alitutazama mmoja baada ya mwingine kwa muda, mpaka tukainamisha vichwa.

Nilifanya mtihani. Nilipita, na Ruthi alipita, na yule mrefu. Mwaka uliofuata misheni ilimhamisha Mwalimu, na watu wetu hawakumsindikiza. Mimi nilikuwa bwenini, nilisikia tu.

Nilikuja kumwona tena miaka ya mwisho ya Mwingereza, watu wakiwa wameanza kuvaa beji na kwenda mikutano. Nilikuwa mwalimu mwenyewe, nafundisha Lemara, na nilikuwa na shida. Kila muhula wasichana walipungua darasani. Nikaambiwa mwalimu wangu wa zamani anaishi Kimandolu kwa mpwa wake. Nikaenda kumwomba vile vitabu.

Nilimkuta uani anachambua maharage. Amekonda, nywele nyeupe, macho yale yale.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Dawati la mbele," akasema. Jina langu hakulitaja, nadhani alikuwa amelisahau.

Nikamweleza shida yangu. Nikamwambia nataka kuwafundisha kama alivyotufundisha, kwa habari za wanawake wake, labda wasichana watabaki.

"Vitabu vililiwa na mchwa," akasema. "Na vingekuwepo visingekusaidia. Unadhani vitabu ndivyo vilivyojaza darasa lile?"

"Sasa nini?"

"Wewe ulikuwa unajificha nyuma ya mgomba," akasema. "Mgomba wenyewe mwembamba."

Yeye aliendelea kuchambua.

"Baba yako asingemwacha binti shuleni kwa ajili ya viwavi. Lakini kwa ajili ya ardhi angekuleta hata kwa kukubeba mgongoni. Nilipokuona umerudi nikajua umetumwa. Nikasema, baba akichoka kunishuku atamtoa binti. Basi nikawa nampa cha kushuku."

"Ulipanda kilimani."

"Nilisinzia kule. Pana upepo mzuri."

"Na makaratasi uliyochoma?"

"Ya sukari."

Sikumwamini. Nawaambia wazi, sikumwamini, na nilikasirika. Mwanamke aliyetufundisha tuamini tunachokiona, kumbe alikuwa anatupangia cha kuona? Au labda alikuwa ameandikia masetla kweli, na sasa uzeeni anajitafutia hadithi nzuri mbele ya mwanafunzi wake. Niliwaza yote hayo nikiwa nimesimama pale na mkoba wangu wa ualimu. Sina njia ya kujua. Niliona nilichoona, na hili niliambiwa.

"Kwa hiyo ulifanya yote hayo kwa ajili yangu," nikasema, kwa kejeli kidogo.

Akainua macho. "Kwako peke yako? Yule wa kando yako alitumwa na mjomba wake. Yule mrefu wa dirishani alitumwa na babu yake. Binti wa fundi wa paa, wale mapacha. Mstari mzima mlitumwa. Mlikuwa mnakanyagana huko nyuma ya nyumba yangu, kila mmoja anadhani yuko peke yake. Sijawahi kupata wasichana wengi namna ile, si kabla, si baada."

Niliketi, pale pale chini, kwenye mkeka wa maharage. Nilimkumbuka Ruthi akitazama pembeni. Nikaanza kucheka, na kicheko kikageuka nikawa nalia, na Mwalimu akanisogezea upande wa maharage ambayo bado hayajachambuliwa.

Tulichambua pamoja. Kisha nikamuuliza lile ambalo nilipaswa kuuliza kwanza, kwamba kwa kujifanya mtu wa masetla, watu wa kwetu walimtendeaje.

"Hawakuniuzia kitu," akasema. "Ndizi, maziwa, hata kuni. Mchungaji mwenyewe alikuwa hapiti kwangu."

"Ukala nini, Mwalimu?"

"Ugali na chumvi," akasema, "mpaka mkafanya mtihani."